Chuya Moja

Jikoni mwetu Dundee, ghorofa ya tatu,
taa ilikuwa moja, katikati ya dari,
nayo iliwaka nyuma ya kila mtu.
Ukisimama mbele ya kabati kukata kitunguu
kivuli chako kinakutangulia ubaoni,
kinalaza kichwa chake chini ya kisu.

Miaka sita sikukiona. Alikiona Mama
siku ya pili tangu ateremke,
Desemba, saa tisa na nusu alasiri,
jua limeshafunga duka.
Alikuja na ungo kutoka Kilosa,
sandukuni, umezungushiwa kanga mbili,
na ofisa wa forodha aliugeuza mara tatu
akitafuta mahali pa kuuwashia.

"Mchele wa huku, Mama, umeshachambuliwa na mashine."
"Mashine ina macho?"
Akauweka ungo kwenye kaunta, akauinamia,
akapotelea ndani ya kivuli chake.
"Mwanangu, hapa najichambua mwenyewe."

Jumamosi nikaenda kununua.
Utepe wa taa, mita tano, umeviringwa
kama ukili wa mkeka ambao haujashonwa;
transfoma nyeusi, sawa na kipande cha sabuni.
Muuzaji akaniuliza nataka weupe gani.
Sikujua kwamba weupe una namba.
Elfu sita ni wodi ya hospitali, akasema.
Nikachukua elfu mbili na mia saba,
rangi ya samli inapoanza kuyeyuka.

Nilizima umeme wa nyumba nzima.
Nikapima, nikapima tena,
nikakata penye alama ya mkasi, si kabla, si baada,
nikapanda kaunta nikalala chali
kama fundi gereji chini ya lori,
pua karibu kugusa mbao.
Kumbe tumbo la kabati lina kumbukumbu zake:
mvuke wa ubwabwa, mafuta ya sambusa,
Idi sita zimegandamana, hazifutiki kwa kitambaa.
Nikabandika hivyo hivyo.

Asubuhi utepe unaning'inia ndani ya sinki
na Siwema, mke wangu, anakunywa chai kando yake,
hasemi neno, jambo ambalo ni baya zaidi.

Bwana Rennie wa chini, aliyezeeka akiunga vyuma vya meli,
alipanda ngazi taratibu, akapitisha kidole chini ya kabati,
akakinusa.
"Mafuta."
Hakuongeza.
Akashuka, akarudi na spiriti, keekee,
na mfereji wa alumini uliobaki jikoni kwake.
Tukasugua. Tukatoboa. Tukaunga waya.
Kimya.
Chanya tulikuwa tumeiozesha kwa hasi.
Tukawatenganisha, tukawapanga upya,

kaunta nzima ikawaka.

Kwanza ikatangaza mabaya yetu:
ufa wa kigae, manjano ya bizari ukutani,
duara la sufuria ya moto
ambalo niliapa, mwaka juzi, kwamba si langu.
"Izime," akasema Siwema. "Tumeaibika."

Mama alikuwa ameshavuta ungo.
Kivuli chake kilirudi nyuma, kikakaa sakafuni
kama paka aliyefukuzwa mezani.
Akachambua mchele usio na kitu
nusu saa nzima, punje kwa punje,
mpaka nikaona haya kumtazama:
mita tano za taa, keekee, jirani kupanda ngazi,
na mama wa watu anatafuta kisichokuwapo.

Kisha vidole vikasimama.
Akainua, kati ya kucha mbili,
chuya moja, ndani ya ganda lake,
imevuka kiwanda, bandari, rafu za duka
bila kuonwa na yeyote.
Akaisogeza karibu na taa ili Bwana Rennie naye aione.
Bwana Rennie akavaa miwani. Akakubali kwa kichwa.

Kuna wanaolia wakiambulia chuya.
Yeye aliifunga pindoni mwa kanga,
fundo mbili,
kama mtu aliyelipwa deni la zamani,
kisha akauliza maji ya wali yako wapi.