Nzuri, Ila

Nilianza na nyuso tano.
Nilizichora Mabatini, juu ya duka la vipuri,
feni ikikata joto vipande visivyopoa:
wa kwanza unacheka, wa tano unalia,
kati yao ngazi ya rangi, kijani hadi nyekundu.
Nikaona nimemaliza.

Mnasihi Milembe alizitazama
kama mtu anayechagua nyanya kwenye fungu.
"Huyu wa kijani," akauliza, "anamcheka nani?"

Tukazifuta. Tukaweka swali:
Habari ya leo?
Kila siku saa moja jioni, kwenye kitochi, bila bando;
nyota, namba, reli, tuma.
Watu kumi na tisa walikubali kutujaribia.

Siku ya kwanza: nzuri. nzuri. salama. nzuri.
Siku ya tano: nzuri. njema. poa. nzuri.
Grafu yangu ililala chali, haina hata kiwimbi,
na mimi, mlevi wa namba, nikashangilia.

Nkwimba wa Igombe, muanika dagaa,
alijibu nzuri jioni kumi na moja mfululizo.
Ya kumi na mbili hakungoja swali, alikuja kliniki,
harufu ya vichanja ikimtangulia mlangoni.
(Haya nilisimuliwa baadaye, kwa ruhusa yake.)
Alikaa, akasema nzuri,
akafunga upya kanga,
akasema: "Ila sijalala tangu mwezi uandame."

"Mbona kwenye simu hukuandika?"

"Mlinisalimu, nikaitikia.
Nani huitikia salamu kwa kilio?"

Usiku ule nilimkumbuka mama, Misungwi,
dhoruba ilipopita kwake na mimi nikapiga simu.
Mhola, alisema. Mhola duhu.
Akauliza habari za kazi, za meno yangu, za jirani yangu mgonjwa,
salio likaanza kulia,
ndipo akaongeza: "Ila paa tumeliokota kwa Bugumba."

Asubuhi nikalifuta swali.
Sasa jioni simu haiulizi kitu.
Inaonyesha maneno mawili na nafasi tupu:
Nzuri, ila
Adabu tumeshawalipia sisi.
Mtu anaanzia pale anapoanzia.

ila mguu
ila nimemwota tena
ila hamna, leo kweli hamna
ila mwenye nyumba
Mmoja hutuma nukta tu, kila jioni, nukta moja.
Nkwimba: ila nimepika ya watu wanne tena

Hapo nilitaka king'ora, taa nyekundu,
Milembe aamshwe saa nane za usiku.
Akakataa. "Na mimi nalala," alisema.
"Usiwadanganye kwamba silali."
Tukaongeza mstari chini:
Milembe atasoma kesho saa mbili asubuhi.
Usiku ukiwa mzito, piga namba hii.
Na neno likishatumwa linafutika,
maana kitochi kile shemeji naye hukishika.

Sijamaliza. Juzi Igombe ilinyamaza siku tatu,
si Nkwimba tu, hata mwenye nukta.
Nilikagua mitambo, nikapigia kampuni ya simu,
wakaniambia mnara, wakaniambia mvumilivu, wakaniambia tiketi yako imepokelewa.
Kimya cha mnara na kimya cha mtu
kwenye kioo changu vina sura moja,
na msimbo wa kuvitenganisha sijaujua.

Milembe hakuningoja. Alivaa kofia ya bodaboda,
akaingia vumbi la barabara ya Igombe,
akamkuta Nkwimba ameinama anageuza dagaa,
upande uliokauka chini, upande mbichi juani.

"Habari ya siku tatu?"
"Nzuri. Za kwako?"
"Nzuri."

Akaweka kofia mchangani, akashika ufagio wa pili.
Wakageuza kichanja kizima,
na hakuna aliyeharakisha
neno linalofuata.