Chupa Kumi na Mbili

Dirishani pa kibanda cha pampu, Kwamgogo,
nimezipanga chupa, moja kwa kila mwezi.
Zilikuwa za sharubati. Nilizikosha kwa mchanga na ndimu,
nikaandika miezi kwa wino usiofutika,
na mwanga wa asubuhi unapozipitia
nauona mwaka umesimama kwa miguu kumi na miwili.

Chupa ya Aprili ni chai ya maziwa.
Masika yalikuja usiku, bila hodi,
bonde lote likaingia bwawani na viatu vyake:
majani ya mikarafuu, samadi ya zizi la Shaame Chumu,
ndara moja ya mtoto, ya mguu wa kushoto.
Niliteremsha kisahani cheupe kwa kamba.
Shubiri moja, kikapotea.

Julai, mchoo umeshanyunyiza na kwenda zake,
tope limelala chini kama mgonjwa aliyepata nafuu.
Kisahani nakiona hata pima moja na nusu.
Huo ndio mwezi ambao hakuna anayenijua jina.

Kisha kaskazi. Januari.
Bwawa linakonda, ukingo unatoa mbavu,
juu unatanda ukijani laini, utandu wa uji uliopoa,
na harufu ni ya kitambaa cha jikoni kilicholala na maji.
Mkasi Hamad hupita na dumu lake, hanisalimii.
"Kunde zangu," asema, "tangu alfajiri zinachemka,
zinanitazama tu."
Sabuni haitoi povu. Chai ina kutu.
Mie najibu kwa tarakimu. Yeye ana kunde.

Wete wameniandikia: tuma wastani wa mwaka,
nambari moja, itoshe kwenye kisanduku.
Nikajumlisha, nikagawa kwa kumi na mbili,
nikapata maji mazuri kabisa,
maji ambayo hayajapata kupita mferejini hata siku moja.
Nani aliyewahi kunywa wastani?

Nikazirudia chupa.
Ile ya Aprili tope limeshajitenga, likatuama:
chini, vidole viwili vya udongo mwekundu,
wekundu ule wa mteremko wa juu ya bwawa
nilikokata mibura mitatu mwaka juzi
nipande muhogo,
nilipe ada ya Raya.

Muhogo ulizaa vizuri. Sitasema uongo.
Raya yumo kidato cha tatu, anaijua kemia;
ndiye aliyenifundisha kuisoma karatasi ya rangi.
Hajaniuliza udongo umetoka wapi.

Kwenye kisanduku nimeandika nambari kumi na mbili,
ndogo kama sisimizi, zimemwagika hadi pambizoni.
Mbele ya Aprili nimeongeza maneno mawili:
shamba langu.

Bahasha ingali mfukoni.
Upande wa Konde vuli inajikusanya,
na juu ya bati, tone moja,
halafu kimya,
halafu la pili.