Chelezo ya Jumanne

Mtaa unaitwa Ghala, na jina halikukosea:
maghala tupu, mabati yanayolia kwa joto la Masqat,
na ghorofa ya pili, nyuma ya duka la matairi,
chumba changu kisicho dirisha,
ambamo barua pepe za watu mia mbili na kumi
zilikufa leo Jumatano, saa tatu na dakika arobaini asubuhi.

Hazikufa kwa kishindo.
Taa ya kijani ikawa ya manjano,
diski ikakwaruza kama kijiko kwenye ukoko,
kisha simu.
Mhasibu: "Zuwena, sanduku langu jeupe."
Bwana Thuwaini wa manunuzi:
"Nina mtu wa Sohar, pampu sita, bei imo humo."
Humo. Kila mtu alisema humo,
kana kwamba ni mtungi na mimi nimeuangusha.

Biju yuko likizo Kochi, ana mtoto wa siku tisa begani,
nasikia akicheua katikati ya maelekezo.
"Iliyokufa usiitengeneze. Itolee nakala kwanza,
hata kama ni maiti."
Nikaitolea nakala.
Ndipo nikafungua kabati la chuma
na kutoa kanda yenye mwandiko wangu: Jumanne, saa nane usiku.

Wenye kamusi huiita chelezo.
Kwa mama, Wete, chelezo ni boya la dema,
kijiti kinachoelea juu
kukuonyesha kilichozama kiko wapi.
Hakisemi kama kuna samaki.

Asilimia nne.
Asilimia nne.
Asilimia nne.
Dilmurad, mlinzi, analeta chai ya karaki kwenye gilasi ya karatasi,
anachungulia kioo: "Kinachopikwa hapo ni nini?"
"Jumanne."
"Jumanne si ilishapita?"
"Ndiyo."
Akavuta kiti, akakaa kuitazama.

Saa nne usiku ikasimama kwa miguu yake.
Hifadhidata nzima, isiyo na ufa,
Jumanne yote na takataka zake:
pampu sita na bei yake,
salamu za Idi zilizochelewa,
na barua ya Thuwaini ya kuacha kazi
aliyoiandika Jumanne, akaifuta leo alfajiri.
Imemrudia, ikamkalia juu kabisa ya sanduku.
Sikuifungua. Kichwa chake kilinitosha.

Kilichopotea ni saa saba na dakika arobaini.
Kumbukumbu za saa hizo nilikuwa nimeziweka
kwenye diski ileile iliyokufa.
Kosa langu, na kwenye ripoti nitaliandika hivyo,
bila "kwa bahati mbaya".

Ila ndani ya saa hizo, saa moja na nusu,
kabla ya chai, kabla hata ya kuvua miwani ya jua,
nilimwandikia dada yangu Salhiya:
nyumba ni ya mama, si yako,
wewe umekaa tu.
Miaka kumi na mmoja amemgeuza mama kitandani,
nami nikaandika umekaa tu,
nikabonyeza, nikaenda kuchemsha maji.

Sasa natazama kisanduku cha zilizotumwa.
Ya mwisho ni oda ya nyaya, Jumanne mchana.
Baada yake hapana kitu. Seva yangu iko tayari kuapa
kwamba mimi ni mtu mwema.

Nikafungua lango la nje. Barua zilizokuwa zikisubiri foleni
zikaanza kudondoka: matangazo, ankara,
kisha moja kutoka Wete, kichwa kikianza na Jibu.
Jibu la nini, seva haijui.

"Nimekusoma.
Mama leo kamaliza uji wote.
Mengine tutazungumza ukija."

Dilmurad aliokota gilasi mbili, akashuka.
Nikachomeka kanda tupu, nikatafuta kalamu
yenye wino, nikaandika kwenye lebo: Jumatano.
Kalamu ilikwama kwenye herufi ya tatu.