Hodi

Danguolė hutengeneza, mimi huharibu.
Ndivyo tulivyogawana riziki hapa Vilnius,
chumba kwa chumba, ukuta mmoja katikati.

Kioo chake si cha kujitazamia.
Ukikiinua dirishani huoni sura yako,
waona theluji ya ng'ambo, imeingia uwaridi kidogo.
Kimeumbwa kwa ajili ya mwanga mmoja tu, usioonekana kwa macho:
huo ukifika, haupiti.

Tabaka la hafnia, tabaka la silika,
hafnia, silika, mara kumi na nane,
na zote kwa pamoja hazifiki unene
wa unywele uliochanwa kumi.

Hukileta kisandukuni, kimeviringwa kama kichanga.
Nakipokea, nakifunga kwenye kishikio, nakipiga leza.
Bila salamu. Kwa nguvu zote.
Kisha hadubini: nahesabu majeraha.
Juzi tisa. Jana kumi na moja.
Na chini ya kila jeraha, chembe ya vumbi
iliyofunikwa ikiwa hai, ikaota kinundu.

Aliacha mafuta ya mikono; vidole vikapasuka.
Paka wake, Rainis, akampeleka kwa mamake kule Panevėžys.
Siku tatu alilipangusa tangi la ombwe, boliti kwa boliti.
Majeraha saba.
Alikaa kwenye ngazi akala tufaha lote, na mbegu zake,
hakunisemesha.

Jambo lenyewe limo vitabuni tangu zamani,
ila sisi tulikuwa na haraka, na haraka ina bajeti yake.
Jumatatu nilianzia chini,
mpigo hafifu, ambao hata karatasi isingeusikia,
nikapandisha kidogo,
nikangoja, nikapandisha.
Vinundu vikang'oka kimoja kimoja, kwa adabu,
vikaacha vishimo visivyokua.
Nikaifikia nguvu ya jana.
Nikaipita.
Chai ilipoa nikaipita tena.

Chuma, wanasema, hupigwa kingali moto.
Kioo hiki kilitaka kwanza kubishiwa hodi.

Nikagonga ukuta. Akaja na soksi za plastiki miguuni,
akasoma tarakimu, akazisoma kuanzia mwisho.
"Umekivunja?"
"Bado."
Akavuta kiti, akaketi kando yangu
kungoja kivunjike.