Kumi na Moja

Mwaka ule upepo uliondoka na paa la shule,
usiku wa kuamkia Jumatatu, Januari, Aberdeen,
asubuhi tukakuta vigae vimetapakaa uwanjani
kama karata za mtu aliyekasirika katikati ya mchezo.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilifurahi kupita kiasi.
Nilidhani shule isiyo na paa si shule tena.

Wakatuhamishia ukumbi wa kanisa kule Torry:
watoto ishirini na watatu, piano moja mbovu,
na nyuma ya ukuta, watu wakikausha samaki kwa moshi.
Tulijifunza kugawanya tukinuka.
Hadi leo, ukiniuliza hamsini na sita gawanya kwa saba,
nasikia samaki kwanza, ndipo naipata nane.

Bi Cruickshank alifundisha na gambuti miguuni
kwa sababu bomba la chooni lilikuwa na mambo yake.
Jina langu alilipanda kama ngazi za gizani:
Za. Mo. Akapumzika. Yo. Ni.
Mwezi wa pili akalimaliza kwa pumzi moja,
akanitazama kama mtu aliyefikisha sahani zote mezani.

Struan Mutch alikaa ubavuni kwangu, karibu na hita.
Alikuwa na kigugumizi, wala si cha kusahaulika.
Neno lilimkwama kooni, kope zikapepesa,
na darasa zima likageukia dirisha, kwa adabu.
Adabu ile ilikuwa mbaya kuliko kicheko.
Rejista ikifika kwake aliinua mkono tu.

Siku moja theluji, hita imezimika, tumevaa makoti,
Bi Cruickshank akaniambia niwafundishe kuhesabu kwa lugha ya kwetu.
Nikaanza kwa sauti ya panya: moja.
Wakaitikia, mvuke ukiwatoka vinywani.
Tulipofika kumi, akataka mmoja mmoja asimame.
Niliomba amruke Struan.
Hakumruka.

Moja, akasema Struan. Mbili. Tatu.
Nne ilitoka nzima, kama yai.
Tano, sita, saba, hakusimama popote,
nane, tisa, kumi,
kisha, bila kuulizwa, kumi na moja,
ambayo sikuwa nimeifundisha.
Hakuna aliyepiga makofi. Bi Cruickshank
aliinamia daftari, akachelewa kuinua uso.

Kesho yake jina lake lilipoitwa, alijibu: Nipo.
Nikamjibia na mimi: Nipo. Akafuata Isla, akafuata Gregor,
na kufikia Machi ukumbi mzima ulikuwa nipo, nipo, nipo,
hata mfagiaji akipita na ndoo yake.

Sisemi kwamba alipona.
Katika lugha ya mama yake aliendelea kukwama,
na Juni tuligombana kwa ajili ya ufutio,
tukakaa siku nne bila kusemezana kwa lugha yoyote.
Nyumbani, mama akirudi kutoka zamu ya usiku,
miguu ndani ya beseni, aliniuliza habari za shule.
Nilimsimulia piano. Ya Struan niliyaacha.
Niliona kama ni mali ya mtu.

Agosti tukarudishwa chini ya paa jipya,
kwa mwalimu aliyetaka tujibu kama watu wote.
Kiti cha Struan kilikuwa kitupu. Peterhead, wakasema,
baba yake kapata kazi kwenye meli ya samaki.
Sikuwa nimemuaga. Ufutio ule ninao.

Miaka yote hii nimejiambia alinisikia mlangoni,
kwamba kila asubuhi nilihesabu vidato vya ukumbi
kwa Kiswahili, polepole, mguu baada ya mguu,
hadi kumi na moja.
Mwezi uliopita nilipita Torry. Ukumbi sasa wanauza mazulia.
Nilivihesabu vidato, mara mbili, mtu akinitazama kupitia kioo.

Ni tisa.
Sasa ile aliitoa wapi?