Kh ya Kheri

Saa nne usiku, ghorofa ya saba, Upper Hill.
Tunavaa visikizio kama hirizi
na Bi. Nasambu anatupiga msasa.
"Risiti," asema, "kwa Kiingereza ina p.
Ipo, mnaiona. Msiiite."
Ndunge ananinong'oneza: kumbe ni kama shemeji yangu,
haikosi sherehe, haisemi, inakula.

Jumatano yao ina d, turuke.
Hata neno lao la deni lina b ndani
na b hiyo hailipwi.

Gathogo akiomba radhi husema soli, soli.
Mteja wa Lidsi alidhani ndilo jina lake:
Asante, Soli. Lala salama, Soli.

Mimi ulimi wangu ulilelewa Ahero.
S na sh kwangu ni mapacha,
sijui nani alitangulia.
Darasa la tatu niliambiwa nimtaje samaki kwa Kiingereza.
Nikasema fis.
Walicheka hadi mwalimu akatafuta kiti.
Tangu siku hiyo sukari yao
naiomba kwa kidole.

Basi Alhamisi simu ikaingia,
mzee wa Uskoti, kifurushi chake hakijafika,
blanketi la mjukuu, na mjukuu keshazaliwa.
Jina la mji wake lina kitu katikati
kama mtu anayesafisha koo msibani.
Ndunge akalisoma kwa k. "La," mzee akasema.
Gathogo, k. "La."
Bi. Nasambu akavichukua visikizio mwenyewe,
yeye aliyesomea lafudhi, mwenye cheti ukutani,
akatoa k safi, iliyopigwa pasi.
Kimya.
"Hapana, binti. Si k."

Chini ya meza, katikati ya nyaya,
Shee wa Lamu, fundi wa kompyuta,
akainua kichwa: "Mpeni kh, jamani.
Ile ya kheri. Ile ya khabari,
mliyoipunguza huku bara mkabakiza h."
Akalitamka lile jina
kana kwamba kitovu chake kimezikwa huko.

Mzee alicheka, waya ukakwaruza.
"Kijana, wewe wa wapi?"
"Lamu."
"Hiyo iko kaskazini, au kusini?"
Shee akafikiria pwani yake. "Kaskazini."
"Nilijua," mzee akasema. "Nilijua tu."

Blanketi likapatikana ghalani, limeandikwa vibaya.

Saa kumi na moja alfajiri,
wengine wamelalia mikono,
nilimkuta Bi. Nasambu dirishani
akiutazama ukungu juu ya Bonde la Reli,
anajaribu peke yake: k. Kh. K.
Kama paka aliyemeza unyoya.
Akaniona. Hakuona haya, au aliona kidogo.
"Vipi?" akaniuliza.

"Bado, madam," nikamwambia, mimi wa fis.
"Rudia."