Chupa ya Achari

Ofisi yetu iko Cluj, ghorofa ya tatu,
juu ya kliniki ya meno. Saa tatu asubuhi
keekee ya daktari inaanza kulia chini ya sakafu
nasi tunaanza kusoma habari.
Bado hatujaamua ni kipi kinachouma zaidi.

Sheria ya chupa aliitunga Sorana:
kila kampuni ikitangaza "mapinduzi",
mmoja wetu anatia sarafu.
Chupa ilikuwa ya achari ya matango;
mpaka leo fedha zetu zinanuka siki.

Simu mpya, nyembamba kuliko ya mwaka jana,
ambayo nayo ilikuwa nyembamba kuliko ya mwaka juzi.
"Wataikondesha mpaka watuuzie bahasha tupu," alisema Horia.
Sarafu.
Friji inayojua kwamba umeishiwa maziwa
na haikuambii mpaka ulipie usajili.
"Mama mkwe wangu huniambia bure. Hata nisipouliza."
Sarafu.

Jumatano tajiri mmoja, jukwaani, kwa fulana nyeusi,
alisema imebaki miezi sita tu
akili mnemba iandike programu zote duniani.
Sote tukamgeukia Tiberiu.
Tiberiu ana miaka hamsini na tisa.
Kazi hii alijifunzia kwenye mashine
iliyozimika kila serikali ilipokata umeme.
"Miezi sita," alisema, akipangusa miwani kwa tai
(ndiye pekee anayevaa tai).
"Niliambiwa hivyo mwaka tisini na moja.
Nikaambiwa tena mwaka tisini na tisa.
Kila nikingoja kuzikwa, naitwa kuufukua
msimbo wa marehemu aliyenitabiria kifo."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Lakini mgeni huyu kaja na jembe lake,
kalima usiku kucha, shamba zima,
na asubuhi sisi ndio tunang'oa
mistari elfu mbili ya magugu yaliyopandwa kwa kamba.
Magugu mazuri, tusidhulumu. Yana maelezo.
Yana adabu. Ukiyakosoa yanakushukuru.

Kisha kampuni ya wingu ikafukuza watu elfu tisa.
Barua ilianza, "Wapendwa wanafamilia."
Horia akaisoma kwa sauti ya padri,
akafika "tunawatakia safari njema", akanyamaza.
Mdogo wake alikuwamo. Huko Dublin.
Alijua kadi yake imekufa
alipokwama mlangoni, kikombe mkononi.
Siku hiyo hakuna aliyeigusa chupa.

Kufikia Machi ilijaa hata hivyo.
Tukanunua mashine ya kahawa,
inang'aa kama jeneza la tajiri.
Ikadai nenosiri. Ikadai barua pepe ya kila mmoja wetu.
Ikasema subirini, najisasisha,
ikajisasisha mpaka saa sita, halafu ikaandika:
"Siwezi kuifikia seva."
Wingu lilikuwa limeanguka.
Mahali fulani kengele ya dharura ililia kwenye simu
ya mtu aliyekwisha kuirudisha simu.

Tulicheka hadi daktari akagonga dari kwa fagio.
Hata Horia alicheka, akifuta macho,
na sikumwangalia sana.
Tiberiu akatoa birika dogo la shaba, la mama yake,
akachemsha kahawa kwenye jiko la umeme
lisilotaka kujua jina la mtu.

Tulikuwa bado tunakunywa, machicha midomoni,
ujumbe ulipotuingilia wote wanne kwa mpigo:
Kikao. Saa kumi kamili.
"Mustakabali wa timu yetu: mapinduzi katika utendaji."

Chini, keekee ilinyamaza.
Sorana akapapasa mifuko, hakuwa na kitu.
Tiberiu akampa sarafu.
Ikaanguka ndani ya chupa tupu
kwa kishindo ambacho sarafu moja haina haki nacho.